Baiskeli Zetu Zinalala Mlimani

(Kengele ya baiskeli, mara mbili. Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

Kengele uliyoisikia sasa hivi ni ya baiskeli yangu. Fundi mitambo aliniomba niilete studio, nikaifungua kwenye usukani leo asubuhi na kuitia mfukoni. Ndicho kitu pekee kilichobaki kizima kutoka baiskeli niliyokuwa nayo mpaka usiku wa tarehe 2 Mei 2023.

Waandaaji wa kipindi waliniomba nizungumze nawe juu ya mvua za masika na usalama wa watu wanaoishi kando ya mto. Nikawajibu kwamba mimi si mtaalamu wa mvua, ninachokijua ni baiskeli. Wakasema basi zungumza juu ya baiskeli, mradi ufike mtoni. Kwa hiyo nivumilie. Njia yangu ina kona nyingi, lakini mtoni tutafika.

Mimi ni mtu wa Nyundo, wilaya ya Rubavu. Kwako wewe unayetusikiliza kutoka mbali: ukitoka mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, ukashika barabara ya lami ya kwenda Musanze na Kigali, utatupita kabla hujafika soko la Mahoko. Misheni ya hapa ilifunguliwa mwaka 1901, na ni Nyundo aliyokabidhiwa Askofu Aloys Bigirumwami mwaka 1952, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu. Jina la Nyundo kwa Kiswahili unalijua, na kwa Kinyarwanda inyundo ni chombo hicho hicho. Fundi wangu wa baiskeli husema mahali petu palipewa jina na mtu aliyekuwa na pedeli iliyopinda.

Mto wetu ni Sebeya. Unashuka kutoka nyanda za Gishwati na kuingia Ziwa Kivu. Safari yake ni fupi na mteremko ni mkali. Mvua ikinyesha huko juu usiku, sisi wa chini tunaipata kabla hakujacha. Msitu wa Gishwati ulikatwa sana miaka ya 1980 na 1990, watu wakitafuta malisho, mashamba na mahali pa kuishi, na udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ukaanza kushuka pamoja na maji. Miti imepandwa tena, matuta yamechimbwa, lakini mti haukui kwa haraka tunayoitaka.

Sasa baiskeli.

Baiskeli ya kwanza niliyoipenda haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, Raleigh nyeusi ya Kiingereza, yenye breki za vyuma vyembamba badala ya waya, na taa ya dinamo iliyowaka tu ukikaza mwendo. Baba alikuwa katekista. Aliitumia kwenda vigangoni huko milimani, ingawa kwenye kupanda aliisukuma tu, maana sijawahi kumwona mtu akipanda milima yetu akiwa amekaa juu ya Raleigh. Watu wa nchi tambarare hudhani baiskeli ni kitu cha kukalia. Kwetu, nusu ya safari mnatembea bega kwa bega, kama mtu na ng'ombe wake.

Nilijifunza kuiendesha nikiwa na miaka kama tisa. Nikikaa kwenye kiti, miguu haikufika kwenye pedeli, kwa hiyo nilifanya kama ulivyofanya wewe ikiwa umekua zamani: nilipitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu la fremu, mwili mzima ukaning'inia upande mmoja, nikawa nakanyaga nusu mzunguko, narudisha, nakanyaga tena. Nilikwenda vizuri mpaka nilipokumbuka kwamba sijui kusimama. Niliingia shamba la viazi la jirani na baiskeli ikaniangukia. Baba alikuja mbio. Aliinua baiskeli, akazungusha gurudumu la mbele kuona kama rimu imepinda, kisha ndipo akatazama magoti yangu. Mama alimtania kwa jambo hilo miaka yote waliyoishi pamoja. Wageni wakija alisema, "Huyu mzee aliangalia rimu kabla ya mtoto."

Katikati hapo palikuwa na chukudu. Kama hujawahi kuiona, ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira, hakina pedeli wala mnyororo. Unaweka goti moja juu yake, unasukuma ardhi kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko unamwachia Mungu. Goma wanazitumia mpaka leo kubebea makaa, viazi na saruji, na wamezijengea sanamu katikati ya mji. Mimi na kaka yangu tulichonga ya kwetu kwa mti wa mkaratusi. Siihesabu kati ya baiskeli zangu, lakini kovu lililo chini ya kidevu changu linaihesabu.

Baiskeli yangu ya kwanza ya kununua mwenyewe ilikuwa Phoenix ya Kichina, mwaka 1984. Nilikuwa nachuma chai ya Pfunda, na nilidunduliza karibu miaka miwili. Nilipoileta nyumbani sikuipanda siku ya kwanza. Niliisimamisha ukumbini kwenye stendi yake, nikaketi kuitazama, na majirani wakaja kuitazama pia, wakauliza bei ingawa waliijua. Harufu ya mpira mpya ilijaa nyumba nzima. Nilifunga karatasi ya plastiki kwenye bomba la fremu ili rangi isichubuke, na plastiki ile ilikaa mpaka ikawa na rangi ya chai.

Phoenix ile ilioa pamoja nami, kwa sababu mke wangu alikuja kwangu akiwa amekaa kwenye kerieri, ameshika mwavuli. Ilibeba mahindi, majani ya ng'ombe, mabati sita ya kuezekea, na mbuzi mmoja asiyetulia. Ilibeba wagonjwa. Zamani hapa mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wanne huweka mabegani, na wengine wanafuata nyuma ili wapokezane. Ni desturi nzuri, na mahali pengine bado ipo. Lakini usiku wa manane kupata wanaume wanane si rahisi, na kupata mwenye baiskeli mmoja ni rahisi zaidi. Nilikuwa naamshwa. Sikukasirika kuamshwa, nakuambia kweli. Mtu mwenye baiskeli alikuwa mtu wa kugongewa mlango, na kugongewa mlango ni heshima.

Nafika mwaka 1994, na hapa napunguza mwendo. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi watu waliuawa hapa Nyundo, pamoja na waliokimbilia kwenye kanisa. Siwezi kuiweka habari ya baiskeli kando ya habari hiyo. Wapo walioisimulia kwa vinywa vyao wenyewe, na wao ndio wa kusikilizwa. Nitakuambia tu kilichonipata mwezi Julai, umati ulipojaa barabara ya kwenda Goma na sisi tukiwa ndani yake. Mama yangu alikuwa hawezi kutembea zaidi ya hatua mia. Tulikunja godoro, tukalifunga kwenye kerieri, tukamkalisha juu yake na kumfunga kwa kitenge kwenye kiti ili asianguke. Mke wangu alishika nyuma, mimi usukani. Tulisukuma kutwa nzima. Pembeni mwa barabara niliwaona wazee wameketi chini peke yao, na sikuuliza waliowaleta wako wapi.

Goma, kwenye ardhi ile ya mawe ya volkano ambako hata kaburi halichimbiki, kipindupindu kiliingia. Phoenix ikawa ya kufuata maji, madumu matatu kwa safari. Baadaye niliiuza kwa unga. Niliondoa kengele, nikamwambia mnunuzi kwamba imeharibika, naye hakujali. Novemba 1996 tulirudi kwa miguu, mama akiwa hai, kengele ikiwa kwenye mfuko wa mke wangu. Ndiyo hii.

(Kengele, mara moja.)

Kwa hiyo tangu siku zile nilikuwa na fundisho moja moyoni: hatari ikija, shika baiskeli kwanza. Lilikuwa fundisho la kweli. Liliokoa mama yangu. Nililibeba miaka 29 bila kuliuliza swali.

Baiskeli ya pili niliipata 1998, na siwezi kukuambia ni ya kampuni gani. Fremu ilitoka kwa moja, usukani kwa nyingine, rimu ya nyuma ilikuwa na njiti za aina mbili. Fundi aliiunganisha mbele ya macho yangu pale Mahoko, akinitajia asili ya kila kipande kama mzee anayetaja ukoo. Ilikuwa na sauti mbaya lakini haikunitupa njiani hata mara moja. Mtoto wetu wa mwisho alikaribia kuzaliwa juu ya kerieri yake. Alisubiri mlango wa zahanati, hatua kumi tu.

Ya tatu nisingeitaja kama nisingetaka ucheke. Binti yangu aliyekuwa akifanya kazi Kigali aliniletea baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, yenye gia 21. Ilikuwa ni mwaka 2009, mwaka ambao mashindano ya Tour du Rwanda yaliingia kwenye kalenda ya kimataifa, na kila kijana alitaka baiskeli yenye gia. Kati ya gia 21 zilifanya kazi tatu, na hizo tatu zilijichagua zenyewe. Haikuwa na kerieri, haikuwa na madigadi, na mvua ikinyesha ilinichora mstari wa matope kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mke wangu aliniambia nafanana na pundamilia mwenye mstari mmoja. Niliiuza kwa kijana mmoja aliyetaka kuwa bingwa. Hakuwa bingwa, lakini nilikuwa nasimama naye kando ya barabara kila mwaka waendeshaji wakiteremka kutoka Bigogwe kuja Gisenyi, wanapita kama risasi, unasikia upepo tu na harufu ya breki. Adrien Niyonshuti alipokwenda kuendesha katika Olimpiki ya London mwaka 2012, tulimzungumzia kama mpwa wetu. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia yalipokuja Kigali, kwa mara ya kwanza kufanyika Afrika, sisi wazee tulitazama kwenye televisheni ya duka moja pale Mahoko, kila mmoja akiwaelekeza wale Wazungu wapunguze mwendo kwenye kona.

Ya nne ndiyo niliyoipenda kuliko zote baada ya Phoenix. Niliinunua mpya mwaka 2015, nyeusi, nzito, yenye kerieri ya chuma niliyoiongezea nondo mbili kwa fundi wa kuchomelea. Niliipa kengele hii. Kazi yake ilikuwa maziwa. Asubuhi nilisukuma kupanda na madebe matupu, na nilirudi nimekaa, lita 40 nyuma yangu, vidole viwili juu ya breki na kisigino tayari. Kama wewe ni mmoja wa abanyonzi, vijana wetu wa kubeba abiria kwa baiskeli, au unashusha karoti na viazi kwenye barabara ile, huhitaji nikueleze. Unajua jinsi mzigo unavyotaka kukupita kwenye kona. Unajua pia mchezo wa kushika lori kwa nyuma ili likuvute kupanda. Niliufanya nikiwa kijana na sina ruhusa ya kukuhubiria, ila polisi wanao, na wana haki.

Baiskeli hiyo ilinilipia bima ya afya ya nyumba nzima na karo za watoto wawili. Nasema hivi ili uelewe nilichokifanya.

Jumanne ile, tarehe 2 Mei 2023, mvua ilianza jioni na haikukatika. Tulilala. Saa nane za usiku mke wangu aliniamsha, akasema sikia. Sebeya siku zote ina sauti, umeizoea kama pumzi ya mtu mliyelala naye. Usiku ule ilikuwa na sauti nyingine chini ya ile ya kawaida, ya mawe yanayogongana. Niliposhusha miguu kitandani nilikanyaga maji.

Alimfunga mjukuu mgongoni, akatoka kwa mlango wa mbele kuelekea mteremkoni, kwenye mashamba ya juu. Ndivyo tulivyokuwa tumeelekezwa kwenye mikutano ya umudugudu, nami nilikuwa kwenye mikutano hiyo na nilipiga makofi. Kisha mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Baiskeli ililala kwenye kibanda cha jiko, imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo, kwa ajili ya wezi. Nilipofika maji yalikuwa chini ya goti. Nilipoinama kuitafuta kufuli yalikuwa yamefika kwenye goti. Nilikuwa na ufunguo mkononi na kufuli ilikuwa ndani ya maji, gizani, na kila nilipopata tundu mkono ulitetemeka. Nilimsikia mke wangu akiita, "Baba watoto, achana na hilo chuma!" Nikajibu, "Dakika moja." Akaita tena. Nikajibu tena vile vile. Halafu nikasikia sauti yake iko karibu kuliko mwanzo. Nikainua macho nikauona mwanga wa simu yake. Alikuwa anashuka kunifuata. Mtoto alikuwa bado mgongoni mwake.

Hapo ndipo nilipouachia ufunguo. Laiti ningekuwa mtu mwenye akili zaidi, ningeuachia mapema kwa sababu ya maji. Niliuachia kwa sababu niliona mjukuu wangu anarudishwa mtoni kwa ajili ya rimu mbili.

Tulipanda. Kibanda cha jiko kiliondoka nyuma yetu, sikukiona, nilisikia mabati.

Kule juu tulikuwa wengi, tumelowa, tunahesabiana kwa majina. Alikuwepo kijana mmoja wa jirani, umunyonzi, mwenye miaka 22. Jina lake sitalitaja. Mama yake husikiliza kipindi hiki, na aliniruhusu nisimulie. Alikuwa ameshaokoka, nataka ulisikie neno hilo vizuri. Alikuwa amesimama pale mlimani pamoja nasi, mkavu kuliko mimi. Akasema baiskeli yake iko nyuma ya nyumba na bado anadaiwa miezi minne. Hakulisema kwa kelele. Alilisema kama mtu anayefanya hesabu. Kisha akashuka.

Hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, nami nilinyamaza. Sikunyamaza kwa uoga. Nilinyamaza kwa sababu nilimwelewa mno.

Usiku ule na asubuhi yake, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130, hasa katika Jimbo la Magharibi na la Kaskazini, na wilaya yetu ya Rubavu ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Yeye tulimpata siku ya Alhamisi, mbali huko chini. Baiskeli yake tuliikuta kabla yake. Ilikuwa palepale nyuma ya nyumba, imefungwa kwenye nguzo yake, matope yamefika kwenye usukani. Haikuwa imekwenda popote.

(Kimya kifupi.)

Msikilizaji, umeshaambiwa mara nyingi kwamba maji yakija uondoke bila kurudi nyuma kuchukua kitu. Ni kweli tupu. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa chini ya goti, humwangusha mtu mzima, na usiku huoni gogo wala jiwe linaloletwa nayo. Lakini nimekuja kugundua kwamba kauli ile haitoshi kwa mtu ambaye deni lake liko kule chini. Sisi wote wawili tuliijua. Mimi niliipigia makofi. Anayesema "ni kitu tu, kitapatikana kingine" mara nyingi ni mtu anayeweza kupata kingine. Baadaye, majina yetu yalipoandikwa kambini ili tupate msaada, kulikuwa na mahali pa kuandika nyumba, ng'ombe, shamba. Baiskeli ilikwenda kwenye mstari wa mwisho, "vinginevyo". Simlaumu aliyeandika. Alikuwa binti mdogo, hakulala siku tatu. Lakini nilitazama mstari ule kwa muda mrefu.

Basi nikuambie tulichokifanya, na kama unaishi bondeni uone kama kinakufaa.

Wazo lilitoka kwa wanawake, na la kwanza kulisema alikuwa mama wa yule kijana. Alisema ninyi wanaume hamtaziacha baiskeli, tumeshaona. Kwa hiyo zisiwepo. Kwenye miezi ya mvua zilale mahali ambapo hakuna sababu ya kushuka kuzifuata.

Juu kule kuna mama mjane mwenye uua mpana na ukuta mzuri. Tulimwomba. Sasa kuanzia Machi mpaka Mei iishe, na tena mvua za Septemba hadi Desemba, baiskeli za bondeni zinapanda kila jioni na kulala kwake. Kila moja ina kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu la zamani, kimeandikwa namba. Kila mwenye baiskeli anatoa faranga 100 kwa wiki, zinakwenda kwa mlinzi na betri za tochi. Mama mwenye uua halipwi fedha. Akienda sokoni Mahoko anapelekwa na kurudishwa bure, na kuni zake hazibebi yeye tena.

Usidhani ilikwenda laini. Vijana walilalamika kwamba kupanda usiku baada ya kazi ya kutwa, na kushuka alfajiri kuwahi abiria, kunawapotezea muda. Kunawapotezea kweli, mimi mwenyewe ni dakika 20, na magoti yangu hayana umri wa kupuuzwa. Pampu mbili ziliibiwa mwezi wa kwanza, tukagombana, mmoja akaondoa baiskeli yake akairudisha kwake bondeni. Alirudi baada ya mvua moja kubwa, bila kusema neno, na sisi hatukumwuliza.

Jambo gumu zaidi lilikuwa deni. Tulikwenda kwa ushirika unaowakopesha vijana baiskeli, tukaomba iandikwe kwamba baiskeli ikichukuliwa na janga, malipo yasimame kwanza mpaka watu wakae na kuhesabu upya. Walikataa. Tulirudi, wakakataa tena. Mara ya tatu alikuja yule mama pamoja nasi, hakuzungumza, aliketi tu mstari wa mbele. Sasa imeandikwa, na kila kijana anayepewa baiskeli husomewa kifungu hicho kwa sauti kabla hajatia sahihi.

Kama wewe ni mtu wa shirika la misaada na unanisikiliza, nina ombi dogo. Kwenye ile karatasi yenu, baiskeli ipewe mstari wake. Hata kama hamtailipa. Mtu akijua kwamba imehesabiwa, ataiacha kwa urahisi zaidi.

Na kama baiskeli yako imelala ndani ya matope, usiharakishe kuipanda. Ioshe kwa maji safi, mengi. Fungua vitovu vya magurudumu na ekseli ya pedeli, toa gololi zote, zifute moja moja, maana mchanga wa mto husaga chuma kama unga, kisha tia grisi mpya. Mnyororo uloweke kwenye mafuta ya taa. Breki ndizo za mwisho kufungwa na za kwanza kujaribiwa, na uzijaribu kwenye tambarare, usiende kuzijaribia kwenye mteremko wa Pfunda. Ya kwangu iliyopatikana ilikuwa fremu tu, imepinda kidogo, na usukani wenye kengele. Fundi wa Mahoko aliinyoosha. Magurudumu yalitoka kwingine. Kwa hiyo sijui niseme nimekuwa na baiskeli nne au tano.

Magurudumu yale ni ya baiskeli namba 7. Yule mama alinipa. Alisema hayawezi kukaa ukutani, na kwamba mwanawe alikuwa ameyakaza njiti wiki ile ile. Hayajayumba mpaka leo.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Gishwati, na nina kengele ya kurudisha kwenye usukani kabla sijaanza kupanda kwenda uani kwa mama. Jioni njema, msikilizaji.

(Kengele, mara moja. Muziki wa kipindi.)